Kuchagua Simu Janja Kabla ya Kulipa: Mwongozo Kamili wa Kusoma Sifa na Kukagua Kifaa

Maswali ambayo wasomaji hutuletea kuhusu simu yanafanana mno. Simu ina miezi mitatu tu na tayari inalalamika kwamba nafasi imejaa. Simu ilikuwa nyepesi dukani lakini nyumbani inaganda. Simu ya mtumba iliyonunuliwa kwa bei nzuri imejifunga yenyewe baada ya wiki moja. Karibu wote wanaouliza walikuwa wametaka kujua mambo mawili tu dukani, yaani megapikseli za kamera na ukubwa wa betri, kisha wakalipa. Mambo hayo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na katika simu za leo ndiyo yasiyotofautisha sana kifaa kimoja na kingine. Yanayoamua kama simu itakufaa kwa miaka mitatu huandikwa kwa herufi ndogo au hayaandikwi kabisa, na hayo ndiyo tutakayoyatafuta hapa, hatua kwa hatua.

## Vitu vya kuandaa

- Laini yako inayofanya kazi, ikiwa na bando la intaneti na salio la kupiga simu.
- Simu unayoitumia sasa, kwa ajili ya kutuma ujumbe wa uhakiki, kuipigia simu mpya na kutafuta sifa za modeli utakazoonyeshwa.
- Hedifoni za waya, kebo ya chaji na pawabenki. Usitegemee umeme wa dukani.
- Kipini cha kufungulia trei ya laini na kitambaa laini cha kufutia kioo.
- Karatasi na kalamu.
- Bajeti iliyokwisha kutengwa, ikiwa na fedha ya kava na protekta pembeni. Kwa simu ya mtumba, ongeza gharama ya kubadilisha betri.
- Saa moja na nusu ya mchana. Jioni mikwaruzo haionekani vizuri, na muuzaji anayefunga duka hatakuvumilia mpaka umalize ukaguzi wote.

## Hatua ya 1: Andika kazi ambazo simu itafanya

Kaa chini kabla ya kwenda dukani, uandike kazi tatu ambazo simu itafanya kila siku, kwa mpangilio wa uzito wake. Usiandike jina la simu wala la kampuni, kwa sababu jina hukufunga kabla hujajua unachotafuta.

Dereva wa bodaboda anayepokea wateja kupitia programu anahitaji kioo kinachosomeka juani, GPS inayoshika haraka na betri inayomaliza siku. Kamera kwake ni jambo la mwisho. Anayeuza nguo kupitia WhatsApp na Instagram anahitaji kamera kuu nzuri na hifadhi kubwa. Mwanafunzi wa chuo anayesoma PDF na kutazama mihadhara anahitaji kioo kikubwa na RAM ya kutosha kufungua mambo mawili kwa pamoja. Mzazi wako kijijini pengine anahitaji sauti kubwa, maandishi makubwa na 4G inayoshika mbali na mnara, na kumnunulia simu ya michezo ya kompyuta ni kumpotezea fedha.

Hatua hii imekamilika ukiweza kumwambia muuzaji kwa sentensi moja unachotaka, kwa mfano: "Kaka, natafuta simu ya kupiga picha za bidhaa, hifadhi isipungue GB 128, bajeti yangu ni laki nne." Muuzaji anayejua kazi yake atakuletea simu mbili au tatu. Anayeanza kukusifia simu ya laki saba hajakusikiliza.

## Hatua ya 2: Soma RAM na hifadhi bila kudanganywa na jumla

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tusiharakishe.

RAM ni nafasi ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi, nayo husafishika simu ikizimwa. Hifadhi ni ghala la kudumu la picha, programu na mafaili. Simu yenye RAM ndogo huganda na kufunga programu za nyuma. Ukitoka WhatsApp kwenda kwenye kamera kisha ukarudi, WhatsApp huanza upya. Simu yenye hifadhi ndogo hujaa, na ikikaribia kujaa kabisa hupungua kasi pia, ndiyo maana watu huchanganya matatizo haya mawili.

Angalia sasa boksi lililoandikwa "8GB RAM" kwa herufi nene. Chini yake, kwa herufi ndogo, mara nyingi kuna "4GB+4GB". Nne za kwanza ndizo RAM halisi. Nne za pili zimekopwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ina kasi ndogo mno ikilinganishwa na RAM, na tena zinapunguza nafasi ya picha zako. Msaada wake ni mdogo. Katika kulinganisha simu mbili, hesabu namba ya kwanza peke yake.

Vipimo ninavyopendekeza ni hivi. RAM halisi ya GB 2 inaendana na toleo jepesi la Android liitwalo Android Go, nayo inatosha kwa kupiga simu, ujumbe na huduma za fedha, si zaidi. GB 4 ndicho kiwango cha chini kwa mtu anayetumia WhatsApp, kivinjari na video kila siku. GB 6 ndiyo inayostahimili miaka mitatu bila manung'uniko, na kama bajeti inaruhusu jambo moja tu la nyongeza, liwe hili.

Kwa upande wa hifadhi, fahamu kwamba mfumo wenyewe pamoja na programu zilizowekwa kiwandani huchukua kati ya GB 10 na 20. Simu ya GB 32 hukuachia karibu nusu, nayo itajazwa na picha za makundi ya familia na ya kazini kabla mwaka haujaisha. Anza na GB 64, na ukiweza nenda 128. Kadi ya kumbukumbu husaidia kuweka picha na video, lakini programu nyingi hubaki kwenye hifadhi ya ndani, hivyo kadi haiokoi simu ya GB 32.

Kuna jambo moja ambalo maboksi hulificha: aina ya hifadhi. Simu za bei ya chini hutumia eMMC, ambayo haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Simu bora kidogo hutumia UFS, inayofanya yote mawili. Tofauti huonekana wakati wa kufungua programu nzito na wakati wa masasisho. Tafuta modeli mtandaoni kwa simu yako ya sasa, uone ni ipi kati ya hizo mbili iliyotajwa.

## Hatua ya 3: Tambua prosesa kwa jina lake

Prosesa ni ubongo wa simu, na kori ni vitengo vyake vya kufanyia kazi. Usiridhike na maneno "kori nane" au "octa-core". Kori nane si kipimo cha kasi, kwa kuwa kori zenyewe hutofautiana kwa vizazi. Helio G36 na G37 za MediaTek zina kori nane aina ya Cortex-A53, muundo uliotangazwa na kampuni ya Arm mwaka 2012. Unisoc T606 na Helio G85 zina kori mbili za Cortex-A75 na sita za A55, ambazo ni hatua nzuri mbele. Helio G99, iliyotoka mwaka 2022, ina kori mbili za Cortex-A76 na sita za A55, tena imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 6 ilhali zile nyingine nilizozitaja ni za nanomita 12. Maana yake kwa mtumiaji ni joto kidogo na betri inayodumu zaidi kwa kazi ileile.

Simu mbili zinaweza kuwa na RAM sawa, hifadhi sawa, betri sawa na bei inayokaribiana, moja ikiwa na G37 na nyingine G99. Ya pili itakuwa bado inatumika kwa raha wakati ya kwanza imekwisha kuchosha. Andika kwenye karatasi jina la prosesa la kila simu unayoonyeshwa. Kama muuzaji halijui, na boksi halisemi, litafute mwenyewe kwa kutumia namba ya modeli.

## Hatua ya 4: Hakikisha simu inaelewana na mtandao wako

Kwa simu mpya iliyoletwa rasmi kwa soko la Afrika Mashariki, hatua hii ni ya dakika mbili. Kwa mtumba kutoka Dubai, Marekani, Japani au Korea, ndiyo inayoweza kukuokoa.

Simu hushika 4G kupitia masafa yanayoitwa bendi. Katika ukanda wetu, bendi 3 ya megahezi 1800 na bendi 20 ya megahezi 800 hutumika sana. Masafa ya chini kama ya 800 husafiri mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, kwa hiyo simu isiyo na bendi 20 inaweza kushika 4G vizuri mjini, kisha ukifika kijijini au ukiingia ndani ya nyumba ya tofali ikarudi 3G. Matoleo mengi ya Android yaliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni za simu za Marekani yamewekewa bendi za kule, kama 12, 13 na 66, na mara nyingi bendi 20 haimo.

Herufi ya mwisho ya modeli hukuambia asili ya simu. Kwa Samsung Galaxy S21, SM-G991B ni toleo la kimataifa, SM-G991U ni la Marekani na SM-G991N ni la Korea. Simu za soko la Korea na Japani zina usumbufu mwingine mdogo: sauti ya kamera wakati wa kupiga picha kwa kawaida haizimiki, jambo ambalo mnunuzi huligundua akiwa msibani au darasani.

Kwa iPhone, kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, matoleo ya Marekani hayana trei ya laini kabisa. Yanatumia eSIM tu, yaani laini ya kidijitali iliyomo ndani ya simu. Kabla ya kuvutiwa na bei yake, uliza mtandao wako kama unatoa eSIM na kama utaipata kwenye ofisi iliyo karibu nawe.

Kuhusu 5G, maoni yangu ni haya: kama eneo unaloishi halina mnara wa 5G, usiilipie kwa kupunguza RAM au hifadhi. Simu nyingi za 5G za bei nafuu hufidia gharama kwa kushusha vitu hivyo hivyo unavyovihitaji leo.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Weka laini yako, subiri alama ya 4G ionekane, fungua video kwa bando lako, kisha piga simu na usikilize. Ukisoma ujumbe kwamba laini haikubaliki au unaombwa namba ya kufungulia, simu hiyo imefungwa kwa mtandao wa kigeni. Usikubali ahadi ya "fundi ataifungua kesho".

## Hatua ya 5: Kioo, betri na kamera

Kioo cha HD+ (720 kwa 1600) kinatosha kwa matumizi ya kawaida; FHD+ (1080 kwa 2400) kina maandishi makali zaidi na kinamfaa anayesoma sana. Mwangaza hupimwa kwa niti, na chini ya niti 450 hivi utahangaika kuona juani. Njia bora ni kutoka na simu mlangoni mwa duka, kuongeza mwangaza hadi mwisho na kusoma ujumbe mfupi. Kioo cha AMOLED huonyesha weusi halisi na hupendeza, lakini kubadilishwa kwake ni ghali. Kama simu zako huanguka mara kwa mara, kioo cha kawaida cha aina ya IPS ni uamuzi wa busara.

Betri nyingi sasa ni za mAh 5000 (mAh ni kipimo cha uwezo wa betri), kwa hiyo swali lenye maana ni wati za chaji. Kwa wati 10, betri hiyo huchukua karibu saa tatu kujaa. Kwa wati 33, saa moja na dakika kadhaa. Katika nyumba ambamo umeme hukatika, tofauti hiyo ni kubwa kuliko mAh 500 za ziada. Thibitisha pia kwamba chaji ya wati hizo imo ndani ya boksi.

Kamera ya megapikseli 50 huunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12.5, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Ubora hutokana zaidi na ukubwa wa kihisi, lenzi na prosesa. Puuza kamera za nyuma za megapikseli 2, na ile ya tatu ambayo baadhi ya simu za bei ya chini huiweka kama pambo ikiwa na megapikseli 0.08 tu. Piga picha mbili: moja nje, nyingine kwenye kona ya duka yenye giza, kisha ziongeze ukubwa uso wa mtu uonekane. Picha ya gizani ndiyo inayosema kweli.

## Hatua ya 6: Uliza masasisho yataisha lini

Simu isiyopata masasisho ya usalama bado inawaka, lakini inabaki wazi kwa wezi wa mtandaoni, na baada ya muda programu huanza kuikataa. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 tangu Januari 2025, na Mei ya mwaka huohuo ikaacha iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Kwa upande wa Apple, iOS 26 ya mwaka 2025 haikuzichukua iPhone XR na XS, ambazo bado zinauzwa sana kama mtumba.

Ahadi za watengenezaji hutofautiana sana. Google imeahidi miaka saba kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, Samsung imeahidi miaka saba kwa Galaxy S24, na Galaxy A16 5G, ambayo si simu ya bei ya juu, imeahidiwa miaka sita. Simu nyingi za bei ya chini zina ahadi fupi au hazina kabisa.

Miaka huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, wala si tangu siku uliyoinunua. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha toleo la Android, usome tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya zaidi ya mwaka mmoja uliopita na hakuna sasisho jipya linalopatikana, basi bei lazima ishuke, au uachane nayo.

## Hatua ya 7: Hakiki IMEI

IMEI ni namba ya utambulisho wa simu. Piga *#06#. Itaonekana namba yenye tarakimu 15, na kwa simu ya laini mbili zitaonekana namba mbili. Linganisha na namba zilizo kwenye boksi na, kama zipo, kwenye trei ya laini au nyuma ya simu. Zote zifanane.

Tanzania, tuma IMEI hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na mfumo wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) utakujibu ukitaja kampuni na modeli. Kenya, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ni 1555. Jibu likitaja modeli tofauti na iliyo mkononi mwako, irudishe simu kaunta. Hata kama inawaka na kupiga simu vizuri, hatari ya kufungiwa ipo: usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa kwenye mitandao yote ya Tanzania, na waliokuwa nazo hawakurudishiwa kitu.

Usikubali kabisa kupelekwa kwa fundi "kurekebisha IMEI". Kwa Tanzania, kubadilisha namba hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

## Hatua ya 8: Thibitisha kwamba sifa ni za kweli

Simu bandia huweza kuandika GB 512 na RAM 16 kwenye ukurasa wake wa maelezo, kwa sababu maandishi hayo hubadilishwa kwa urahisi. Kwa hiyo usiuamini ukurasa huo peke yake.

Kwanza, fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio yake, kisha sehemu ya kuhusu, uangalie uthibitisho wa Play Protect. Lazima iseme kifaa kimethibitishwa. Pili, pakua CPU-Z, programu inayoonyesha sifa za ndani za simu, kwa bando lako. Ikiwa simu inayodai kuwa ya kisasa inaonyesha prosesa MT6580, unachoshika ni kifaa cha 3G chenye kori nne za zamani kilichovikwa gamba zuri. Tatu, kama bado una shaka kuhusu hifadhi, rekodi video ya dakika kadhaa, inakili mara nyingi, kisha fungua nakala ya mwisho. Kwenye hifadhi ya uongo, nakala za baadaye hazifunguki.

## Hatua ya 9: Kagua kifaa kwa mikono yako

Kwa simu mpya, angalia boksi likifunguliwa mbele yako na usiruhusu lirudishwe chini ya kaunta tena baada ya ukaguzi. Mchezo wa kubadilishiwa boksi, ukafika nyumbani ukakuta kipande cha sabuni, hauchezwi barabarani tu. Kwa simu ya mtumba, fuata mpangilio ufuatao.

1. Ilaze kifudifudi juu ya meza ya kioo. Ikiyumba au ikiwa na mwanya kati ya kioo na fremu, betri huenda imevimba. Hiyo usiichukue kwa bei yoyote, kwa kuwa betri iliyovimba inaweza kushika moto.
2. Onyesha picha nyeupe kwenye kioo kizima, kisha nyeusi, ukitafuta madoa, mistari na vivuli vya alama za zamani vilivyoganda. Kwa Samsung nyingi, *#0*# hufungua ukurasa wa majaribio ya rangi, mguso, spika na vihisi.
3. Shika alama ya programu moja na uiburute polepole kwenye kioo chote, kona kwa kona. Ikiponyoka sehemu ileile kila mara, mguso hapo umekufa.
4. Piga simu kutoka kwenye laini yako. Sikiliza kwa spika ya sikioni, kisha spika kubwa, kisha hedifoni. Muulize unayeongea naye kama anakusikia vizuri, maana maikrofoni ndiyo hitilafu inayosahaulika zaidi.
5. Chomeka kebo na uitikisetikise taratibu. Chaji inayokatika ni dalili ya tundu lililochoka.
6. Jaribu Wi-Fi, Bluetooth, alama ya kidole, kamera zote mbili, tochi na ramani nje ya duka.
7. Washa kamera ya video kwa dakika tano. Joto kidogo ni kawaida. Simu inayochoma kiganja au inayopoteza asilimia tano au zaidi za chaji kwa muda huo huenda ina betri mbovu.

Kwa iPhone, fungua Mipangilio, sehemu ya betri, usome kiwango cha juu cha uwezo. Apple husema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimesanifiwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji, kwa hiyo chini ya 80 hesabu gharama ya betri mpya. Kuanzia iPhone XR na XS, ukurasa wa maelezo huonyesha pia kama betri imebadilishwa; kuanzia iPhone 11 huonyesha na kioo, na kuanzia iPhone 12 na kamera. Kwenye ukurasa huohuo, herufi ya kwanza ya namba ya modeli husema asili ya kifaa: M iliuzwa mpya, F ilifanyiwa ukarabati, N ilitolewa kama mbadala. Muuzaji anayeapa kwamba ni mpya ilhali inaanza na F amekwisha kujieleza.

Maji ni suala la kutoaminiwa. Hata simu yenye IP68, yaani kiwango cha kinga dhidi ya maji na vumbi, huweza kupoteza kinga hiyo ikifunguliwa na kubadilishwa kioo, na dukani huna njia ya kuipima.

## Hatua ya 10: Ondoa kufuli za mwenye simu wa kwanza

Hatua hii ni ya mtumba pekee, na ndiyo chanzo cha malalamiko ya simu "zilizojifunga zenyewe". Kuna kufuli za aina mbili. Ya kwanza ni ya akaunti: Google au Apple hukumbuka mwenye simu hata baada ya kufuta kila kitu. Ya pili ni ya mkopo. Simu zinazouzwa kwa malipo ya kila siku huwekewa programu inayofunga kifaa deni lisipolipwa, na anayeshindwa kulipa huweza kuiuza ikiwa bado imefunguka, kisha wewe ndiye unayefungiwa.

Mwombe muuzaji aondoe akaunti zake zote mbele yako kupitia Mipangilio. Kwa iPhone, azime kwanza huduma ya kutafuta simu iliyopotea na atoke kwenye akaunti yake ya Apple. Kisha afute simu nzima kurudi hali ya kiwandani. Simu ikiwaka upya, iunganishe na intaneti. Usikubali kuruka hapo, kwa kuwa kufuli za mkopo hurudi zinapopata mtandao. Endelea mpaka ufike skrini ya mwanzo.

Umefaulu ikiwa hukuombwa akaunti ya mtu mwingine, wala hukuona maandishi kwamba kifaa kinasimamiwa na shirika au kampuni. Ukiona mojawapo, au ukiona chaguo la kufuta simu limezuiwa, mrudishie simu yake kwa upole na uondoke. Anayekuambia kuna fundi wa "kubaipasi" anakuuzia tatizo litakalorudi kwenye sasisho la kwanza.

## Hatua ya 11: Lipa, kisha itumie wiki nzima kwa makusudi

Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi) yenye jina la modeli na IMEI. Kama duka haliandiki IMEI kwenye risiti, liandike kwa mkono na kupiga muhuri. Kwa mtumba wa mtu binafsi, andikeni hati fupi ya mauziano yenye majina, sahihi, tarehe na IMEI, na upige picha ya kitambulisho chake kwa ridhaa yake. Anayekataa kabisa kutambulika huenda anauza kisicho chake. Kwa simu mpya, hakikisha kadi ya dhamana imejazwa tarehe na kupigwa muhuri, na uliza kituo rasmi cha matengenezo kilipo. Simu za Tecno, Infinix na itel, kwa mfano, huhudumiwa na Carlcare.

Kabla hujatoka, kubaliana kwa maandishi juu ya siku za kurudisha kifaa chenye hitilafu. Katika maduka mengi ya Kariakoo, au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, siku hizo ni chache au hakuna, na ahadi ya mdomo haina uzito ukirudi ukamkuta kijana mwingine kaunta.

Wiki ya kwanza usiitunze kabatini. Sakinisha programu zako zote, hasa za benki, kwa kuwa baadhi yake hukataa simu ambazo mfumo wake umechezewa. Ichaji hadi ijae na uandike inadumu saa ngapi. Ipeleke mahali unapofanyia kazi uone kama 4G inashika. Pakua masasisho yote ya mfumo kwa Wi-Fi. Kitu chochote kikienda mrama, rudi na risiti yako kabla siku mlizokubaliana hazijaisha, na usimruhusu fundi wa mtaani kuifungua simu mpya, kwa sababu stika ya dhamana ikikatika kituo rasmi kitakukatalia matengenezo ya bure.